MWALI WA LEZA NA USALAMA WA NDEGE ANGANI

Kalamu ya leza ni chombo kidogo kinachoshikika kwa vidole viwili. Walimu huitumia kuonyesha sehemu za mchoro ukutani, wanafunzi wa elimu ya nyota huonyeshana nyota kwa mwali wake, na watoto huichezea kwa kumkimbiza paka. Kalamu za kawaida huendeshwa kwa betri ndogo, na nguvu ya nuru inayotoka ndani yake haifiki hata sehemu moja ya mia ya wati. Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kwamba chombo hiki hakiwezi kudhuru kitu kilicho mbali, sembuse ndege yenye uzito wa tani nyingi inayopita mamia ya meta juu ya mapaa ya nyumba.

Dhana hiyo ni potofu. Mwaka 2023 peke yake, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani, iitwayo FAA kwa kifupi, ilipokea taarifa 13,304 za ndege kumulikwa kwa leza. Katika nchi kadhaa kitendo hicho huadhibiwa kwa kifungo cha hadi miaka mitano, hata kama hakuna mtu aliyejeruhiwa. Adhabu kali namna hiyo kwa kosa la chombo kidogo namna hiyo inahitaji maelezo, na maelezo yenyewe yamo katika fizikia ya kidato cha tatu na cha nne. Kwa ufupi ni haya: mtu anayemulika huona kitone cha nuru, lakini rubani anayemulikwa huona nuru iliyojaa kioo kizima. Makala haya yanaonyesha jinsi kitone kinavyogeuka kuwa nuru hiyo, na kwa nini sheria haingojei ajali itokee.

1. Leza ni nini?

Neno leza limetoholewa kutoka katika neno la Kiingereza lililoundwa kwa herufi za mwanzo za maneno yenye maana ya kukuza nuru kwa kuchochea utoaji wa mnururisho. Msingi wa nadharia yake uliwekwa na Albert Einstein mwaka 1917. Atomi iliyoongezewa nishati huweza kuitoa nishati hiyo yenyewe, kwa wakati wowote na kuelekea upande wowote, kwa umbo la fotoni. Einstein alionyesha kwamba fotoni ikipita karibu na atomi ya namna hiyo inaweza kuichochea itoe fotoni ya pili inayofanana kabisa na ile ya kwanza kwa urefu wa wimbi na kwa mwelekeo. Fotoni moja huwa mbili, mbili huwa nne, na kuendelea. Vioo viwili vinavyotazamana huirudisha nuru hiyo mara nyingi ndani ya chombo, na kimoja kati yake huiruhusu sehemu yake itoke ikiwa mwali mwembamba.

Tarehe 16 Mei 1960, Theodore Maiman aliiwasha leza ya kwanza duniani huko Malibu, katika jimbo la California, Marekani, kwa kutumia fimbo ya yakuti nyekundu. Tangu hapo leza zimeingia katika upasuaji wa macho, upimaji wa ardhi, ukataji wa vyuma na mawasiliano ya simu. Kalamu ya leza ni mtoto mdogo katika ukoo huo.

Kalamu za nuru nyekundu hutumia diodi inayotoa nuru yenye urefu wa wimbi wa nanometa 650 hivi. Kalamu nyingi za kijani hufanya kazi kwa njia ndefu zaidi. Diodi hutoa mnururisho wa infraredi wa nanometa 808, usioonekana kwa macho. Mnururisho huo huchochea fuwele itoe mnururisho mwingine wa nanometa 1,064, kisha fuwele ya pili hukata urefu huo nusu, ikatoka nuru ya kijani ya nanometa 532. Tofauti ya rangi si jambo la pambo tu. Jicho la binadamu mchana huona vizuri kuliko zote nuru ya nanometa 555 hivi. Kwa hiyo nuru ya kijani ya nanometa 532 huonekana kali takriban mara nane kuliko nuru nyekundu ya nanometa 650 yenye nguvu ile ile. Kalamu za kijani ziliposhuka bei na kuenea, tatizo la ndege kumulikwa nalo lilikua.

2. Mwali hutanuka kadiri unavyosafiri

Mtu akielekeza kalamu ya leza ukutani ndani ya chumba, huona kitone chenye upana wa milimeta chache. Kutokana na hapo hudhani kuwa mwali huo ni kama uzi usiobadilika unene. Kwa kweli hakuna mwali usiotanuka. Kalamu ya kawaida huwa na mtanuko wa miliradiani 1 hivi, yaani mwali huongezeka upana wa meta 1 kwa kila meta 1,000 za safari. Kwa hiyo kipenyo cha nuru huwa hivi:

umbali wa meta 10: sentimeta 1;
umbali wa meta 300: sentimeta 30;
umbali wa meta 1,000: meta 1;
umbali wa meta 3,000: meta 3.

Kitone kimekuwa duara la kutosha kufunika kioo cha mbele cha ndege, na marubani wawili waliokaa sambamba huweza kumulikwa kwa mara moja. Vilevile, duara pana halihitaji shabaha hodari. Mkono unaotetemeka huupitisha mwali juu ya kioo mara kwa mara, na rubani huona nuru inayopiga na kuzima kama radi.

Mtu aweza kuuliza: ikiwa nuru imetawanyika kiasi hicho, si imekwisha dhoofika? Jibu hupatikana kwa hesabu. Ukali wa nuru ni nguvu iliyogawanywa kwa eneo. Ichukuliwe kalamu ya miliwati 5, yaani maikrowati 5,000, ikimulika kitu kilicho umbali wa meta 1,000. Nusu kipenyo cha duara ni meta 0.5, hivyo eneo lake ni

3.14 × 0.5 × 0.5 = meta za mraba 0.785 = sentimeta za mraba 7,850.

Ukali wa nuru ni 5,000 ÷ 7,850 = maikrowati 0.64 kwa kila sentimeta ya mraba.

Kiasi hicho ni kidogo mno kuunguza ngozi au hata kuipasha joto. Lakini jicho si ngozi. Balbu ya wati 60 yenye kutoa lumeni 800 hutawanya nuru yake pande zote, ilhali kalamu ya leza huibana nuru yake yote ndani ya pembe nyembamba. Jicho lililomo ndani ya mwali wa kijani wa miliwati 5 hupokea nuru takriban mara 60,000 kuliko lingepokea kutoka kwa balbu hiyo ikiwa umbali ule ule. Hapa ndipo kosa la mchezaji linapoanza: hupima hatari kwa udogo wa betri, badala ya kuipima kwa wembamba wa pembe.

3. Ngazi nne za hatari

Wataalamu wa usalama wa anga hutofautisha ngazi nne za madhara, kila moja ikiwa na kiwango chake cha ukali wa nuru.

Ngazi ya kwanza ni kujeruhiwa kwa jicho. Lenzi ya jicho huikusanya nuru ya leza katika nukta ndogo mno juu ya retina, na ukali wake huongezeka takriban mara 100,000. Jicho hujilinda kwa kupepesa baada ya robo ya sekunde hivi. Kwa muda huo mfupi, mpaka wa usalama ni maikrowati 2,540 kwa sentimeta ya mraba.

Ngazi ya pili ni upofu wa muda. Nuru hunyima jicho uwezo wa kuona hata baada ya mwali kuondoka, na doa hubaki mbele ya macho kwa sekunde au hata dakika kadhaa. Hutokea nuru ikifika maikrowati 100.

Ngazi ya tatu ni mng'ao. Rubani hawezi kuona kilicho nyuma ya nuru maadamu nuru ipo, kama dereva aliyemulikwa na taa kali za gari linalokuja. Mpaka wake ni maikrowati 5.

Ngazi ya nne ni kuvurugwa makini. Rubani anaona, lakini nuru isiyotazamiwa humfanya aache alichokuwa akikifanya na kuangalia pengine. Mpaka wake ni maikrowati 0.05.

Kwa kanuni iliyotumika katika sehemu ya 2, umbali ambao kila ngazi hufika huweza kukokotolewa. Kwa mwali wa kijani wenye mtanuko wa miliradiani 1, majibu ni haya:

Kalamu ya miliwati 5: kujeruhi jicho, meta 16, upofu wa muda, meta 80, mng'ao, meta 357, kuvuruga makini, kilomita 3.6.

Chombo cha miliwati 500: kujeruhi jicho, meta 158, upofu wa muda, meta 800, mng'ao, kilomita 3.6, kuvuruga makini, kilomita 36.

Mwanafunzi na atazame kwa makini uhusiano wa safu hizi mbili. Nguvu imeongezeka mara 100, lakini umbali umeongezeka mara 10 tu, kwa kuwa umbali hufuata kipeuo cha pili cha nguvu. Yafaa pia ieleweke kwamba jeraha la jicho, ambalo ndilo watu hulifikiria kwanza, ni hatari ya karibu. Humhusu zaidi mwanafunzi aliyekaa dawati la mbele kuliko rubani aliye juu. Hatari ya rubani ni zile ngazi tatu nyingine, ambazo humfikia wakati jicho lake likiwa zima na bila maumivu yoyote.

4. Jicho la rubani usiku, na kioo kilicho mbele yake

Mipaka iliyotajwa hugeuka kuwa mikali zaidi kwa sababu ya hali ya jicho gizani. Mchana kipenyo cha tundu la mboni ni milimeta 2 hadi 3. Usiku hufunguka hadi kufikia milimeta 7, na hivyo huingiza nuru takriban mara nane zaidi. Aidha, seli za retina zinazohusika na kuona gizani huhitaji dakika 20 hadi 30 ili zifikie uwezo wao kamili. Ndiyo maana marubani hupunguza taa za chumba chao usiku: wanataka kusoma vipimo vilivyo mbele yao na papo hapo kuziona taa za uwanja zilizo mbali. Mmweko mmoja wa nuru kali huyaharibu matayarisho hayo yote, na hakuna dawa ya kuyarudisha ila kungoja.

Kioo cha ndege nacho huzidisha tatizo. Hakuna kioo kilicho safi kabisa. Mikwaruzo midogo, vumbi, matone ya maji na mabaki ya wadudu huitawanya nuru ya leza pande zote, na kioo kizima huwaka kijani kama pazia. Hata rubani ambaye mwali haukumpiga jichoni moja kwa moja huweza kushindwa kuona nje. Mwaka 2013, wakati wa maandamano makubwa mjini Cairo, picha zilizoenea duniani zilionyesha helikopta za jeshi zikiwa zimegubikwa na nuru ya kijani ya leza nyingi zilizoelekezwa kutoka katika umati. Aliyeziona picha hizo ameona tofauti iliyopo kati ya kitone ukutani na mwali angani.

5. Sekunde za mwisho

Ndege iliyo kilomita 10 juu ya ardhi haimo katika hatari kubwa ya kalamu ya kawaida. Lakini watu hawamuliki ndege zilizo juu kiasi hicho. Humulika zile wanazoziona vizuri, nazo ni zile zinazotua au kupaa. Ndege kubwa ya abiria inapokaribia kutua huenda kwa kasi ya kilomita 260 kwa saa hivi, yaani meta 72 kwa sekunde, nayo hushuka kwa pembe ya digrii 3. Kwa pembe hiyo, kila sekunde ndege hupungua kimo kwa meta 3.8. Ikiwa kimo chake ni meta 60, imebakiza sekunde 16 tu kugusa ardhi.

Katika sekunde hizo rubani hulinganisha taa za uwanja na vipimo, hurekebisha mwelekeo kwa ajili ya upepo, na huamua kama atatua au atapaa tena. Doa likibaki machoni pake kwa sekunde 5, ndege itakuwa imesafiri meta 360 bila yeye kuona vizuri. Helikopta za polisi na za wagonjwa zimo katika hatari kubwa zaidi, kwa kuwa huruka chini, hukaa mahali pamoja kwa muda mrefu, na mara nyingi huwa na rubani mmoja tu, asiye na mwenzake wa kumkabidhi usukani.

6. Matukio na hesabu zake

Kumbukumbu za FAA zinaonyesha jinsi tatizo lilivyokua. Mwaka 2010 taarifa zilikuwa 2,836. Mwaka 2021 zilikuwa 9,723. Mwaka 2022 zilikuwa 9,457. Mwaka 2023 zilipanda hadi 13,304. Na mwaka 2024 zilikuwa 12,840. Zaidi ya taarifa 300 za marubani walioumia zimepokelewa tangu mwaka 2010.

Tarehe 14 Februari 2016, ndege ya Virgin Atlantic iliyopaa kutoka London kuelekea New York ililazimika kurudi Heathrow baada ya rubani msaidizi kujisikia vibaya kufuatia kumulikwa kwa leza muda mfupi baada ya kupaa. Ndege ilitua salama, lakini safari nzima ilivunjika kwa sababu ya kitendo cha sekunde chache cha mtu aliyekuwa ardhini.

Hakuna ajali ya ndege kubwa ya abiria iliyothibitishwa kuwa ilisababishwa na kalamu ya leza. Ukweli huu lazima usemwe, kwani sayansi haijengwi kwa kutishana. Lakini kutokea salama mara elfu hakuthibitishi kuwa kitendo ni salama. Kumethibitisha tu kwamba marubani wamefundishwa vizuri, kwamba ndege kubwa huwa na marubani wawili, na kwamba hadi sasa mwali haujakutana na upepo mkali, hitilafu ya injini na uchovu kwa wakati mmoja. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha.

7. Sheria inasemaje

Nchini Marekani sheria iliyotiwa sahihi mwezi Februari 2012 ilifanya kuwa kosa la jinai kwa mtu yeyote kuelekeza, kwa kujua, mwali wa kalamu ya leza kwenye ndege au kwenye njia yake. Adhabu ni faini, au kifungo kisichozidi miaka mitano, au vyote viwili. Sheria hiyo imeacha nafasi kwa shughuli halali, kama vile majaribio yaliyoidhinishwa na mtu aliye taabuni anayeomba kuokolewa. Mbali na mahakama, FAA yenyewe hutoza faini. Mwaka 2011 ilitangaza faini ya hadi dola 11,000 kwa kosa moja, na kiwango hicho kimepandishwa baadaye.

Uingereza ilitunga mwaka 2018 sheria inayohusu vyombo vya usafiri vya kila namna, ikiwa ni pamoja na ndege, treni, meli na magari, na inayowalinda pia waongozaji ndege walio katika minara. Kosa hutimia mwali unapomwangaza mwendeshaji wa chombo kwa namna inayompumbaza macho au kumvuruga, au hata inayoelekea kufanya hivyo. Adhabu ya juu ni kifungo cha miaka mitano na faini isiyo na kikomo. Nchini Canada mkosaji huweza kutozwa faini ya hadi dola za nchi hiyo 100,000, kufungwa miaka mitano, au vyote pamoja. Australia ilichukua njia nyingine. Baada ya ndege kadhaa kumulikwa zikikaribia Sydney mwezi Machi 2008, serikali ilizuia uingizaji wa kalamu zenye nguvu zaidi ya miliwati 1 bila kibali.

Kesi moja huonyesha vizuri fikra iliyomo ndani ya sheria hizi. Mwaka 2014 mahakama moja ya California ilimhukumu mtu mmoja kifungo cha miaka 14 kwa kumulika helikopta ya polisi. Alikuwa ameshtakiwa kwa makosa mawili: kumulika ndege, na kujaribu kuingilia usalama wa ndege bila kujali uhai wa watu. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa ililitengua kosa la pili. Ilikuta kwamba ushahidi ulionyesha tu mtu aliyetaka kujua mwali wa kalamu yake unafika umbali gani, na haukuonyesha kuwa aliitambua hatari aliyoisababisha. Kosa la kwanza, hata hivyo, lilibaki, kwa sababu sheria ya 2012 ilitungwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo hasa: wasiotaka kuangusha ndege, lakini wanaoielekezea mwali kwa kujua.

Hapa sheria na fizikia zinakutana. Mwali hautanuki kidogo zaidi kwa sababu aliyeushika hana nia mbaya, na jicho la rubani halioni upesi zaidi kwa sababu ulikuwa mchezo. Dereva mlevi huadhibiwa kabla hajamgonga mtu, kwa kuwa hatari imo katika kitendo chenyewe. Kumulika ndege kumewekwa katika kundi hilo hilo.

Wala mkosaji asijidanganye kuwa giza litamficha. Vumbi na chembe nyingine zilizomo hewani huitawanya sehemu ndogo ya nuru, na kwa hiyo mwali huonekana kama mstari ulionyooka. Mstari huo una ncha mbili: moja iko kwenye ndege, na ya pili iko mkononi mwa aliyeushika. Helikopta za polisi zenye kamera za kutambua joto huufuata mstari huo hadi uani kwa mtu, na wakosaji wengi wamekamatwa kwa njia hiyo wakiwa bado wameishika kalamu.

8. Viwanja vya Afrika Mashariki

Tanzania, Kenya na nchi nyingine za Afrika Mashariki ni wanachama wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, lililoundwa kwa Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944. Kanuni za shirika hilo zinataka kila uwanja uzungukwe na maeneo maalumu ya anga ambamo nuru ya leza imewekewa mpaka. Karibu na njia za kutua na kupaa, ukali hauruhusiwi kuzidi maikrowati 0.05 kwa sentimeta ya mraba. Katika eneo linalofika kilomita 18.5 kutoka uwanjani, mpaka ni maikrowati 5. Nje ya hapo huweza kuwekwa eneo la tatu lenye mpaka wa maikrowati 100. Msomaji atatambua kwamba takwimu hizo ni zile zile za ngazi tatu zilizoelezwa katika sehemu ya 3.

Sasa na aitazame ramani. Uwanja wa Julius Nyerere mjini Dar es Salaam umepakana na makazi ya Kipawa na Kiwalani, na uwanja wa Wilson mjini Nairobi uko jirani na Lang'ata na Kibera. Maelfu ya wanafunzi hulala chini ya njia za ndege. Kwa kalamu ya miliwati 5, ambayo huvuruga makini hadi kilomita 3.6, nyumba nyingi za vitongoji hivyo zimo ndani ya umbali wa kumfikia rubani anayetua. Kulinda usalama wa anga katika miji hiyo hakuwezi kuachiwa polisi peke yao, huanzia darasani.

9. Wajibu wa mwalimu na mwanafunzi

Kwa matumizi ya darasani, kalamu isiyozidi miliwati 1 inatosha kabisa. Maandishi yaliyo juu ya kalamu za bei rahisi hayaaminiki sikuzote. Baadhi hutoa nguvu kubwa kuliko ilivyoandikwa, na baadhi ya zile za kijani hazina kichujio cha kuzuia mnururisho wa infraredi, ambao huingia jichoni bila kulifanya lipepese. Kalamu isielekezwe kamwe usoni mwa mtu, kwenye kioo au kwenye chuma king'aacho. Nje ya jengo isielekezwe kwenye gari, pikipiki, treni wala chombo cha angani. Wanaoonyeshana nyota wahakikishe kwanza kuwa hakuna ndege upande huo, na wazime kalamu mara wanaposikia mlio wake.

JARIBIO

Vifaa: tochi moja ya kawaida, vipande viwili vya kioo cha dirisha vilivyofunikwa kingo zake kwa utepe, vumbi kidogo, na karatasi yenye maandishi makubwa. Leza isitumike katika jaribio hili.

Njia: Fanya chumba kiwe na giza hafifu. Bandika karatasi ukutani. Mwanafunzi mmoja akae meta 3 kutoka ukutani, akitazama karatasi kupitia kioo safi kilichosimamishwa mbele yake. Mwenzake asimame upande mmoja na kuumulika uso wa mbele wa kioo kwa tochi, kwa mshazari, bila kuielekeza machoni mwa mtu. Rudia kwa kioo kilichopakwa vumbi. Linganisha idadi ya maneno yanayosomeka katika kila hali, na ueleze sababu.

MASWALI

1. Mwali wa leza una mtanuko wa miliradiani 1.5. Kokotoa kipenyo chake katika umbali wa kilomita 2.

2. Kwa kutumia takwimu za sehemu ya 3, kokotoa umbali ambao kalamu ya miliwati 20 yenye mtanuko wa miliradiani 1 huweza kuleta upofu wa muda na mng'ao.

3. Ndege inayotua kwa kasi ya meta 72 kwa sekunde imemulikwa, na rubani asione vizuri kwa sekunde 4. Itakuwa imesafiri umbali gani? Linganisha umbali huo na urefu wa uwanja wa mpira wa shule yako.

4. Eleza kwa nini kalamu ya kijani ni hatari zaidi kwa rubani kuliko kalamu nyekundu yenye nguvu ile ile.

5. Jadilini darasani: Je, ni haki kumwadhibu mtu aliyeimulika ndege ikiwa ndege imetua salama na yeye hakuwa na nia ya kudhuru? Kila hoja itolewe pamoja na takwimu moja kutoka katika makala haya.

Majibu ya hesabu: (1) meta 3, (2) meta 160 na meta 714, (3) meta 288.